Gobori la babu: kulifungua, kulisafisha na kujua kama litalia tena

Magobori yamo katika nyumba za Lubumbashi kuliko unavyodhani. Moja limetundikwa ukutani Kamalondo, jingine limeviringishwa kwenye gunia juu ya dari Katuba, jingine lilikuja mjini na mzee aliyetoka upande wa Bunkeya au Kasenga. Mzee akafariki, bunduki ikabaki. Siku moja kijana wa nyumba hulishusha, hulipangusa vumbi, na swali la kwanza linalomtoka ni hili: litalia tena?

Swali hilo mimi hulijibu mwisho kabisa. Gobori linaweza kung'aa mdomoni na kuwa limeoza nyuma, pale baruti inapowakia, na hapo ndipo shavu na jicho la mpigaji linapolala. Kazi yote ninayoieleza chini inaelekea mahali pamoja: kama shibiri moja ya mwisho wa mtutu, upande wa kitako. Mengine yote, mti, shaba, nakshi, yanasubiri.

Karatasi kabla ya bisibisi

Kongo ina Sheria-Amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi. Usijipe moyo kwamba uzee wa bunduki unakutoa humo. Nenda polisi au kwenye ofisi ya komini ukiwa na picha ndani ya simu, bunduki ibaki nyumbani, uulize ruhusa inaombwa wapi na kwa maandishi gani. Ukipewa karatasi, itunze pamoja na picha za bunduki.

Kosa linalowaponza watu ni kuifunga bunduki kwenye kitambaa na kupanda nayo taksi-bisi kumpelekea fundi wa Kenya (Kenya komini yetu, si nchi). Njiani hakuna anayeuliza habari za babu yako. Kama huna karatasi, fundi ndiye aje nyumbani. Au anza na hatua ya kuangalia tu. Familia ambayo haitaki mzigo huo inaweza pia kuzungumza na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na si aibu hata kidogo kufanya hivyo.

Umeshika nini?

Tazama ubavu wa kulia, karibu na kitako. Kama nyundo ina taya mbili za kubana jiwe, na mbele yake pana kisahani kidogo chenye kifuniko cha chuma, hiyo ni gumegume: jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti ya kisahanini, moto unaingia ndani kupitia tundu dogo la ubavuni. Kama nyundo ina kichwa chenye shimo, na kichwa hicho kinafunika chuchu ya chuma, hiyo ni bunduki ya fataki (kifuniko kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa), ambayo wazee wengi hapa wanaiita fusi ya pistoni. Ziko pia zilizotengenezwa gumegume zikageuzwa baadaye kuwa za fataki; utaona matundu ya skrubu yaliyozibwa pale kisahani kilipokuwa.

Usikadirie umri kwa kuangalia mtambo wa kufyatulia peke yake. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameachana na gumegume kufikia katikati ya karne ya 19. Lakini Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulibana uuzaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Viwanda vya Liège, Ubelgiji, vikaendelea kuzitengeneza kwa ajili yetu wakati kwao zilikuwa zimeshakuwa vitu vya kizamani. Ndiyo maana gobori ambalo familia inaapa ni la enzi za Msiri, mfalme wa Bunkeya, linaweza kuwa changa kuliko kifo cha Msiri mwenyewe, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891.

Alama husaidia. Mtutu uliopita kwenye ofisi ya majaribio ya Liège una muhuri mdogo wenye umbo la yai, ndani yake herufi ELG na nyota. Juu ya yai kukiwa na taji, mtutu ulipigwa muhuri kuanzia mwaka 1893. Bila taji, ni kabla ya hapo. Mara nyingi muhuri uko chini ya mtutu, umefichwa na mti, kwa hiyo utauona baada ya kufungua. Muhuri unasema kwamba mtutu ulijaribiwa ukiwa mpya. Haukusema lolote juu ya kutu ya miaka mia iliyofuata.

Liko kundi la tatu, nalo ndilo linalonitia hofu: pupu, bunduki za wahunzi wetu. Ufundi wake mwingine ni wa kustaajabisha. Lakini mtutu ukiwa ni bomba la maji, au bomba la usukani wa lori, safari ya kupiga inaishia hapa. Tazama ndani kwa tochi: ukiona mstari mmoja ulionyooka toka mdomoni hadi nyuma, huo ni mshono wa bomba la kiwandani, na mshono huo haukutengenezwa kubeba baruti. Lisafishe, litunze, liandike historia yake. Usilipige.

Lichukulie kuwa limejaa

Kijana anamwuliza mzee: «Papa, hii bunduki iko na kitu ndani?» Mzee anacheka: «Aa, mwana, haina kitu, batoto banaichezeaka toka zamani.» Jibu hilo lina upendo mwingi na halina uzito wowote. Gobori halifunguki nyuma ukaona. Watu walikuwa wakilishindilia jioni ili liwe tayari usiku kwa ajili ya nguruwe wa shambani, na nguruwe asipokuja, risasi ilibaki ndani. Nayo baruti nyeusi haifi kwa uzee mradi imekaa pakavu: Marekani, makombora ya vita vyao vya ndani vya 1861 hadi 1865 yanaweza kulipuka hadi leo.

Kwa hiyo, kabla ya mafuta, kabla ya moto, kabla ya kugonga chochote:

1. Elekeza mdomo wa bunduki kwenye lundo la mchanga au ukuta wa udongo, na ukae pembeni. Uso wako, na mkono wako kadiri inavyowezekana, usiwe mbele ya mdomo hata mara moja.

2. Kwa bunduki ya fataki, angalia kama kuna kifuniko kidogo cha shaba juu ya chuchu. Kama kipo na nyundo imekilalia, kidondoshee mafuta mepesi, subiri mpaka yaingie, kisha inua nyundo polepole kwa kidole gumba na uondoe fataki kwa kijiti. Usiing'oe kwa koleo.

3. Chukua fimbo ya mti iliyonyooka, nyembamba, ndefu kuliko mtutu. Ya mti, si chuma. Iingize taratibu mpaka igote, weka alama ya penseli usawa wa mdomo, itoe.

4. Ilaze fimbo juu ya mtutu kwa nje, alama ikae mdomoni. Ncha inapaswa kufika kwenye tundu la moto, au usawa wa chuchu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, ndani kuna kitu.

Kitu hicho kinaweza kuwa kiota cha nyigu, au tambara lililosahauliwa. Wewe kichukulie kuwa ni baruti na risasi mpaka kitoke ukione.

Baruti nyeusi inauawa na maji, kwa sababu shura iliyomo huyeyuka. Simamisha bunduki mdomo juu, mimina maji, yaache yakae usiku kucha, yamwage, rudia siku inayofuata na inayofuata. Kwa gumegume, dondoshea pia kwenye tundu la moto. Maji yakianza kutoka meusi yenye harufu ya kiberiti, umepata jibu la swali la kijana. Endelea mpaka yatoke meupe. Kutu utakayoongeza kwa siku hizo chache ni ndogo, tutaiondoa.

Kuitoa risasi yenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni skrubu ya kuvutia, iliyofungwa kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia: inazungushwa mpaka iuume mpira wa risasi, kisha unavuta. Inafanya kazi kwa madini laini ya risasi. Lakini hapa Katanga mpira unaweza kuwa wa shaba, maana shaba ilikuwa chini ya miguu yetu na madini ya risasi yalinunuliwa. Au ni vipande vya chuma vilivyoshikana na kutu ya ukuta wa mtutu. Skrubu haiumi hivyo, inateleza tu juu yake.

Njia ya pili ni pompa ya grisi ya gereji. Chuchu inafunguliwa, mahali pake inafungwa nipeli (kichwa cha kupitishia grisi) yenye uzi wa skrubu unaolingana, na unapampu grisi kwa mkono. Grisi haibanwi kama hewa, kwa hiyo haijikusanyi nguvu ya kuruka: mpira unasogea kidogo kidogo, unafika mdomoni, unaanguka kwenye mchanga kama yai lililotagwa. Uchafu wa grisi ni mwingi na kazi ya kuusafisha inachosha, lakini hakuna njia tulivu kuliko hii. Kwa gumegume tundu ni dogo mno. Usilipanue ili upitishe grisi, mpe fundi avute kwa skrubu au afungue nyuma.

Kompresa ya hewa iache kwenye matairi. Hewa iliyobanwa inaweza kurusha mpira ule kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Na asije mtu akakwambia upashe mtutu moto kwenye makala (makaa) ili «baruti ijitoe yenyewe».

Kufungua

Piga picha kila upande kwanza. Kisha chukua katoni, chora juu yake umbo la bunduki, na kila skrubu uitoayo ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Skrubu za zamani zilikatwa kwa mkono, kila moja inajua tundu lake. Ukizichanganya utazilazimisha, na uzi utakatika.

Bisibisi za sokoni huwa nene katikati na nyembamba nchani, zinaruka na kukwaruza. Nunua ya bei ya chini na uipige tupa mpaka ncha yake ijae ufa wa skrubu pande zote. Skrubu isiyokubali, idondoshee mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya mashine, uiache. Kesho jaribu kuikaza kidogo kwanza, ndipo uifungue. Mara nyingi mwendo huo wa kukaza ndio unaovunja kutu.

Mtutu umeshikwa kwenye mti kwa pete, au kwa pini nyembamba zinazopita ubavu hadi ubavu. Pini zisukume kwa msumari uliotolewa ncha, na utazame zinaelekea upande upi mwepesi. Mtambo hutoka kwa skrubu mbili au moja za upande wa kushoto. Weka nyundo kwenye kituo cha kwanza, yaani imevutwa nusu, legeza, kisha gonga kichwa cha skrubu kidogo ili bamba lijisukume lenyewe. Usilichokonoe kutoka upande wa mti, utang'oa kingo.

Kitu kimoja cha kuacha kilivyo. Magobori ya huku mara nyingi yamefungwa waya wa shaba shingoni, yamepigwa misumari ya shaba kitakoni, au yamefungiwa ngozi, shanga, pembe. Waya unaweza kuwa umeshika mti uliovunjika, na unaweza kuwa dawa ya mwindaji. Kwa vyovyote ni sehemu ya bunduki. Uliza wazee wa familia kabla ya kugusa, na kama hakuna wa kuuliza, usiguse.

Mtutu: mahali pa kukaa muda mrefu

Nje, kutu nyekundu inayotoka kwa kidole inaondolewa. Rangi ya kahawia nyeusi iliyokaa, laini kama ngozi, inaachwa. Ile ndiyo ngao ya chuma cha zamani. Watu wanaopiga msasa mpaka mtutu uwe mweupe wanafuta muhuri, wanapunguza unene, na baada ya mvua za kwanza za Novemba kutu inarudi kwa kasi. Ndimu na Coca-Cola zinakula kutu kweli, ila zinakula na chuma, na asidi inabaki ndani ya mashimo.

Lubumbashi tuna kifaa kizuri ambacho wengine wanakinunua mbali: kipande cha shaba. Kigonge kiwe bapa, kipe ukingo, paka mtutu mafuta, kisha kwangua. Shaba ni laini kuliko chuma, inaondoa ganda la kutu bila kuacha mkwaruzo. Futa, paka tena, kwangua tena. Ni kazi ya redio na chai.

Ndani, jaza mafuta ya taa, ziba, uyaache siku moja mbali na jiko na sigara. Kisha brashi ya shaba kwenye fimbo, halafu vitambaa, mpaka kitambaa kitoke na rangi ya mafuta tu. Kama mtutu una mifereji inayozunguka ndani, yaani ni raifo ya kweli, brashi ifuate mzunguko wake. Usiingize kitu chochote cha kusaga. Magobori mengi ya biashara yaliyofika huku ni laini ndani, kwa hiyo usishangae usipoona mifereji.

Sasa kizibo cha nyuma, ile skrubu kubwa inayofunga mtutu upande wa kitako. Ikifunguka, utaona kila kitu. Ikikataa, usiilazimishe kwa funguo ya bomba yenye meno. Funga mtutu kwenye jiliwa lenye mbao pande zote mbili, tumia funguo inayokaa barabara, mafuta, subira ya siku kadhaa. Kuipasha moto kidogo kunaruhusiwa kwa mikono ya fundi peke yake, na baada tu ya kuhakikisha kwamba ndani hamna kitu.

Kizibo kikitoka, elekeza mtutu kwenye anga nyeupe na utazame kama darubini. Unatafuta mambo haya:

Vidoadoa vya kijivu vilivyotapakaa ni uso uliokwaruzwa na kutu tu, havitishi. Mashimo yenye kina, hasa yakiwa kwenye ile shibiri ya nyuma, yanatisha. Kivuli cha duara, pete nyeusi inayozunguka ukuta mahali pamoja, ni uvimbe: risasi iliwahi kukwama na mtutu ukafura. Thibitisha kwa nje: lala rula juu ya mtutu, taa nyuma yake, tazama mwanga unapita wapi. Pitisha pia vidole ukiwa umefumba macho. Vidole vinasikia uvimbe ambao jicho linaupita.

Angalia uzi wa kizibo, na wa mtutu. Kizibo kinapaswa kuingia mizunguko mingi kikikaza, bila kuyumba. Kinachoingia mizunguko miwili na kucheza kimeshikiliwa na kutu, na kutu uliyoiondoa ndiyo iliyokuwa inafunga.

Kisha jaribio la nyufa, ambalo wafundi wa mitambo hapa wanalijua kwa vichwa vya injini. Osha sehemu ya nyuma ya mtutu iwe safi kabisa. Ipake mafuta ya taa, yaache yaingie, kisha uifute mpaka ikauke kwa mguso. Ipake vumbi la chaki au chokaa nyeupe, nyembamba, sawasawa, uiweke kivulini. Chuma kizima kinabaki cheupe. Ufa unaonekana kama mstari mwembamba wa unyevu unaochora kwenye chaki, polepole, wakati mwingine baada ya saa nzima. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yanapanda juu. Zunguka tundu la moto na kiti cha chuchu kwa makini zaidi, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Mitutu ya zamani ilifungwa kwa kuunganisha bamba la chuma kwa moto na nyundo, kwa hiyo mstari mrefu wa unyevu chini ya mtutu ni mshono unaoachia.

Mwisho uning'inize mtutu kwa kamba na uugonge na kijiti. Mtutu mzima unaimba. Unaotoa sauti bubu una kitu kilicholegea au kilichopasuka, hata kama hujakiona. Hilo peke yake si hukumu, ni sababu ya kurudi kutazama.

Mtambo

Hapa naenda haraka, kwa sababu kikivunjika kitu kwenye mtambo bunduki inagoma tu, haimuui mtu. Isipokuwa jambo moja nitakalolisema.

Osha mtambo mzima kwa mafuta ya taa na mswaki wa meno kabla ya kuamua kuufungua. Mara nyingi inatosha. Springi kubwa haitolewi kwa koleo: inabanwa na kibanio chake, la sivyo inaruka au inavunjika, na springi ya zamani ikivunjika utamtafuta mhunzi anayejua kuichemsha na kuizimisha. Usifyatue nyundo juu ya chuchu tupu; weka kipande cha ngozi katikati.

Jambo lenyewe ni vituo viwili vya nyundo. Vuta hadi kituo cha kwanza, kisha vuta kifyatulio kwa nguvu ya kawaida: nyundo isianguke. Vuta hadi kituo cha pili, gonga kitako sakafuni kwa kiasi: nyundo isianguke. Bunduki inayoshindwa hapo inaweza kulia yenyewe begani, na haifai kujazwa hata ikiwa mtutu wake ni mzuri. Jino la ndani linaloshika nyundo hutengenezwa na mtu anayejua pembe zake. Tupa ya haraka haraka inaongeza ubaya.

Chuchu iliyopondeka juu, au yenye tundu lililopanuka, inabadilishwa, kwani moto unarudi nyuma kuelekea uso. Pima uzi kwanza. Bolti ya kawaida ya M6 ina hatua (umbali kati ya mzunguko mmoja wa uzi na unaofuata) ya milimita 1, wakati chuchu nyingi za Ulaya za M6 zina hatua ya 0.75. Zinafanana machoni, ukiilazimisha moja kwenye nyingine itaingia nusu, itakaza, na siku ya kupigwa itatoka kama risasi. Kwa gumegume, jiwe lifungwe kwa ngozi kati ya taya, ukingo wake ugonge chuma upana wote. Cheche unazijaribu gizani, bila baruti.

Mti

Kitako cha asili huwa cha mti wa Ulaya, lakini vingi vimebadilishwa huku kwa mulombwa, na mulombwa ni mzuri, unadumu. Ufa wa shingoni unagundishwa kwa gundi nzuri na kufungwa siku nzima. Ukiona tundu dogo lenye unga mpya chini yake, kuna wadudu hai: mti uliotenganishwa na chuma unafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa ndani ya friza kwa wiki mbili. SNEL ikikata umeme katikati, hesabu inaanza upya. Wenye jenereta wamebarikiwa.

Usipake mafuta ya ngazi (mawese). Najua yako karibu na yanang'arisha siku ya kwanza, lakini yanachacha, yananata, yanavuta vumbi na mende, na asidi yake inakula chuma kinachogusana na mti. Mafuta ya kitani, kidogo sana kwa kitambaa, au nta ya nyuki iliyopashwa na kusuguliwa. Nta tunayo, misitu yetu ya miombo imejaa nyuki.

Kupiga, kama imefika huko

Magobori mengi yanayopita kwenye hatua za juu hayafiki hapa, na hayo ndiyo matokeo ya kawaida. Lililofika lina karatasi, mtutu usio na uvimbe wala ufa wala shimo lenye kina nyuma, kizibo kilichokaza, vituo viwili vinavyoshika, chuchu au tundu zima. Hata hilo halijathibitishwa mpaka mtu anayefanya kazi ya bunduki kihalali alishike na kusema ndiyo. Ofisi ya majaribio ya Liège bado inafanya kazi hiyo kwa kupiga mtutu baruti nyingi kuliko ya kawaida, lakini iko Liège.

Baruti ni nyeusi ya kiwandani peke yake. Baruti ya risasi za kisasa, isiyotoa moshi, inapandisha msukumo ambao chuma hiki hakikuzaliwa kuubeba: vijiko vile vile, na mtutu unafunguka kama ganda la ndizi. Baruti ya kujisagia, na vichwa vya viberiti, havina kipimo kinachorudiwa mara mbili sawasawa, na mtutu wa miaka mia hauhitaji mshangao. Risasi isukumwe mpaka ilalie baruti kabisa. Nafasi tupu kati yao ndiyo inayotengeneza ule uvimbe wa pete. Weka alama kwenye mdeki ili ujue imefika.

Mlio wa kwanza haupigwi na bega la mtu. Bunduki inafungwa kwenye matairi ya zamani mahali palipoidhinishwa, kamba ndefu kwenye kifyatulio, watu wote nyuma ya ukuta au lundo la udongo, masikio na macho yamefunikwa. Ikikawia kulia, subiri: moto unaweza kuwa unatambaa ndani. Baada ya kila mlio rudia jaribio la chaki na rula. Kipimo kilichobadilika hata kidogo kinamaliza mjadala.

Uchafu wa baruti nyeusi unavuta unyevu. Siku hiyo hiyo, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta ya cherehani. Msimu wa mvua ukilala bila kuosha, asubuhi utakuta rangi ya chungwa ndani.

Mahali pa kulala

Lilaze au lining'inize kwa usawa, mbali na ukuta wa nje unaotoa jasho, na mbali na jiko. Mfuko wa ngozi ni mbaya kwa muda mrefu, unashika unyevu. Kitambaa cha pamba kinatosha. Mdomo usizibwe. Lifute kwa mafuta mepesi mvua zinapoanza na zinapoisha, na upitishe fimbo yako yenye alama ya penseli kila unapolishusha, hata kama ni wewe mwenyewe uliyelitundika. Fimbo ikae pamoja na bunduki, na juu yake andika kwa kalamu isiyofutika urefu wa mtutu kwa ndani, upana wa mdomo kwa milimita, na tarehe uliyopima.